Habari za Kihispania na Darasa la Wanaoanza

Kila mwaka, vyuo vya Marekani vinapofunguliwa baada ya likizo kubwa, vijana wengi sana huingia darasani kuanza kujifunza Kihispania. Masomo yao ya kwanza ni madogo: kuamkiana, kutaja jina, kuhesabu, na kusema siku za juma. Atazamaye kwa nje aweza kudhani kwamba jambo hili ni la juzi, wala halina historia ya kusimuliwa. Lakini kila desturi ina chimbuko lake, na darasa hili dogo lina habari ndefu, nyingine za kusifiwa na nyingine za kuhuzunisha. Nia yangu ni kuzieleza kwa ufupi, kwa kuwa sisi tufundishao lugha twaweza kupata fundisho ndani yake.

Tuanze Hispania yenyewe. Mwaka 1492, mwaka ule ule Columbus alipovuka bahari ya Atlantiki, mwalimu mmoja jina lake Antonio de Nebrija alichapisha huko Salamanca kitabu cha sarufi ya Kihispania. Zamani zile wataalamu wengi walidhani kwamba lugha istahiliyo sarufi ni Kilatini na lugha nyingine chache za kale. Maneno ya sokoni na jikoni yahitaji kitabu cha nini, nayo kila mtoto huyapata kwa mama yake? Nebrija alimtolea Malkia Isabel kitabu hicho, akaeleza katika dibaji kwamba lugha hufuatana na utawala, na kwamba watu watakaoshindwa vitani watahitaji kuijua lugha ya mshindi. Tena sehemu ya tano, ndiyo ya mwisho, aliiandika kwa ajili ya wageni watakao kujifunza. Basi yaonekana kwamba mwanafunzi mgeni alikuwamo kitabuni tangu siku ya kwanza, ila pamoja naye ilikuwamo nguvu ya mtawala. Mambo hayo mawili, hiari na kulazimishwa, tutayakuta tena mbele.

Sasa tuvuke bahari mpaka Marekani. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa nchi ile, aliithamini sana lugha hii. Mwaka 1787 alimwandikia mpwa wake barua akimsihi aishike kwa bidii, maana aliona ya kuwa siku zijazo Marekani itakuwa na shughuli nyingi na Hispania na nchi zake za ng'ambo. Yeye mwenyewe alisimulia mwaka 1804 kwamba alijifunza Kihispania merikebuni akienda Ulaya, katika safari ya siku 19 tu, akiwa na kitabu cha sarufi na kisa cha Don Quixote. John Quincy Adams, aliyemsikia, aliyaandika hayo katika daftari lake la kila siku, akaongeza kwamba Bwana Jefferson hupenda kusimulia makubwa. Nadhani walimu wengi watamwunga mkono Adams. Siku 19 zatosha kumwonyesha mtu mlango, lakini hazitoshi kumfanya mwenyeji wa nyumba.

Katika chuo cha Harvard, mfanyabiashara Abiel Smith, aliyefariki mwaka 1815, aliacha fedha za kumlipa profesa wa Kifaransa na Kihispania. Cheo hicho alikishika kwanza George Ticknor, mwaka 1819, naye mwaka 1849 akatoa historia ya fasihi ya Kihispania katika mabuku matatu. Lakini kazi ya kuwafundisha wanaoanza, ya kusahihisha matamshi na kurudia vitenzi, ilikuwa mikononi mwa msaidizi, Francis Sales, mzaliwa wa Ufaransa. Ndivyo ulimwengu ulivyo: mmoja hupata jina, na mwenziwe hupata vumbi la chaki. Baada ya Ticknor alikuja mshairi Henry Wadsworth Longfellow. Huyu hapo kwanza aliitwa kufundisha lugha katika chuo cha Bowdoin, naye kabla ya kuanza alikaa Ulaya tangu 1826 hata 1829, na Hispania ikiwamo. Aliporudi aliona vitabu vya kufundishia havitoshi, akaketi akatengeneza vyake mwenyewe.

Hata hivyo, kwa miaka mingi Kihispania kilikaa nyuma ya Kifaransa na Kijerumani. Kilichokiinua zaidi ni mambo ya dunia kuliko uzuri wa vitabu. Mwaka 1914 mfereji wa Panama ulifunguliwa, na biashara na nchi za kusini ikatazamiwa kukua. Mwaka ule ule vita kuu vilianza Ulaya, na Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 shule nyingi ziliacha Kijerumani, zikashika Kihispania. Mwaka huo huo walimu wa Kihispania wakaunda chama chao.

Namna ya kufundisha nayo ilibadilika kwa kufuata haja. Mwaka 1929 ilitolewa taarifa kubwa ya Algernon Coleman, iliyosema kwamba wanafunzi wengi husoma lugha ya kigeni miaka miwili tu, kwa hiyo lengo lipasalo ni kuwawezesha kusoma vitabu. Katika vita kuu vya pili jeshi lilitaka watu wa kusema, si wa kusoma tu; basi tangu mwaka 1943 askari waliwekwa vyuoni katika vikundi vidogo, wakazungumza saa nyingi na wenyeji wa lugha. Baada ya vita vyuo viliiga mtindo ule, vikaweka vyumba vya kusikilizia sauti zilizonaswa. Mwaka 1970 Kihispania kilikipita Kifaransa kwa wingi wa wanafunzi vyuoni, na mwaka 2021 wanafunzi wake walikuwa zaidi ya 580,000, hesabu iliyoipita kila lugha nyingine ya kigeni ingawa ilikuwa imepungua.

Na huyo aanzaye hukuta nini? Akiwa Mswahili, atafurahi kuona irabu tano kama zetu. Atakuta kwamba kila jina ni la kiume au la kike, jambo lisilomtisha mtu aliyelelewa na ngeli. Kitenzi kitampa kazi zaidi: sisi humtaja mtendaji mwanzoni mwa neno, tukisema ninasema, unasema, anasema, wao humtaja mwishoni, wakisema hablo, hablas, habla. Tena wana vitenzi viwili vya kuwa: ser kwa kueleza kitu ni nini, na estar kwa kueleza kiko wapi na kina hali gani. Lakini njiani atakutana na jamaa asiowatazamia. Waarabu walitawala sehemu za Hispania karne nyingi, wakaacha maneno yao huko kama walivyoyaacha pwani yetu. Ndiyo sababu sukari kwao ni azúcar, na hata yetu, kwa maana ya mpaka, kwao ni hasta. Meza nayo kwao ni mesa. Sisi tuliipata kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania.

Walakini wako watoto wa Marekani wasiohitaji kuanza, kwa maana walinyonya lugha hii pamoja na maziwa ya mama. Mwaka 1848, baada ya vita, Meksiko iliiachia Marekani nchi kubwa, pamoja na watu waliokuwa wakisema Kihispania humo. Wajukuu wao walipopelekwa shule walikuta mambo ya ajabu. Mwaka 1918 jimbo la Texas liliweka sheria kwamba shule za serikali zifundishe kwa Kiingereza tu. Katika mji wa Marfa, katika jimbo hilo, ilikuwapo shule ya Blackwell ya watoto wa asili ya Kimeksiko, nao walichapwa wakisema lugha ya kwao. Mwaka 1954 waliambiwa waandike vikaratasi vya kuahidi kutosema Kihispania, vikatiwa katika kisanduku, vikazikwa ardhini kama maiti.

Fikirini, wasomaji. Wakati ule ule, katika vyuo vya nchi ile ile, vijana wa Kiingereza walilipa ada wafundishwe yale maneno, na aliyeyatamka vizuri alisifiwa. Neno lililokuwa elimu kinywani mwa mmoja lilikuwa kosa kinywani mwa mwingine. Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la mbali. Katika shule za Kenya walikuwapo watoto waliovishwa kibao shingoni kwa sababu walisema lugha ya mama zao.

Mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1968 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kusaidia elimu kwa lugha mbili, na baadaye vyuo vingi viliweka madarasa mawili: moja la wanaoanza, na jingine la waliokulia katika lugha lakini hawakufundishwa kuisoma na kuiandika. Mwaka 2007 wanafunzi wa zamani wa Blackwell walirudi, wakafukua kamusi ya Kihispania kuwa ishara ya kutangua mazishi yale, na mwaka 2022 sheria ikaiweka shule hiyo kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Basi fundisho ni nini? Sarufi ni njema, na kunena ni kwema, na kila kizazi kitachagua njia yake. Lakini mwalimu anayemkaribisha mgeni katika lugha, naye akimwaibisha mwenyeji wake, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: aanzaye lugha na ainame kwa wale walio nayo, hata wakiwa maskini, hata wakiwa watoto. Hao ndio walimu wake wa kwanza.