Muganga na Lugha ya Mgonjwa: Historia Fupi ya Elimu ya Udaktari Mjini Bukavu

Katika Kiswahili cha pwani, neno mganga humkumbusha msikilizaji dawa za asili, ijapokuwa cheo cha Mganga Mkuu kingali kikitumika serikalini Tanzania. Mjini Bukavu tofauti hiyo haina nguvu: muganga ni yeyote atibuye, awe wa mitishamba au wa hospitali. Historia ya muganga huyo wa pili inaficha swali zito: mgonjwa aeleze maumivu yake kwa lugha gani?

Chini ya utawala wa Wabelgiji, Wakongo walifundishwa kuwa wauguzi na wasaidizi wa tiba, si madaktari. Chuo Kikuu cha Louvain kiliunda shirika la FOMULAC mwaka 1926, ambalo baadaye lilikuwa na hospitali Katana, kaskazini ya Bukavu. Hata hivyo, uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, nchi haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Ilibidi makumi ya wasaidizi wa tiba wapelekwe Ufaransa, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, wakamilishe masomo.

Kijana wa Bukavu aliyetamani udaktari alipaswa kuhama. Denis Mukwege, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, alisomea Burundi, akahitimu mwaka 1983, akahudumu Lemera, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza maradhi ya wanawake na uzazi. Hali ilianza kubadilika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilipoanzishwa mwaka 1989, kikafuatwa na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika mwaka 1991. Vyote viwili vikawa na vitivo vya tiba.

Lakini elimu hiyo changa ilikutana na vita. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Kivu. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999, ilikusudiwa kina mama wajawazito; mgonjwa wake wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa. Ikadhihirika kwamba kisu cha mpasuaji hakitoshi. Panzi ikaunganisha tiba ya mwili, msaada wa nafsi, njia za kujipatia riziki na utetezi wa kisheria. Kwa upande wa maradhi ya akili, kituo cha SOSAME, cha watawa wa Frères de la Charité, kikawa kimbilio la wengi.

Hapo ndipo lugha inapodai nafasi yake. Mwanafunzi wa tiba hufundishwa na kutahiniwa kwa Kifaransa. Mgonjwa husema Kiswahili, Mashi au Kirega. Aliyevunjika mguu aweza kuonyesha kwa kidole. Aliyeumia nafsi hana chombo kingine ila maneno. Asemapo, “Niko na mawazo mingi,” hatoi habari za fikra, bali za huzuni na mahangaiko. Daktari akilitafsiri neno mawazo kama lilivyo katika kamusi, amekwisha kuupoteza ugonjwa. Sonona, neno la Tanzania, halitamsaidia sokoni Kadutu. Nalo wazimu ni tusi kabla ya kuwa jina la maradhi. Pengo hilo kwa kawaida huzibwa na wauguzi, wakalimani ambao kazi yao haiandikwi popote.

Mwaka 2018 Mukwege alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Mwezi wa Februari 2025 Bukavu ilitekwa na waasi wa M23, na majeraha mapya yakaongezeka juu ya yale ya zamani. Hivyo kukusanya msamiati wa maumivu kutoka vinywani mwa wagonjwa na wauguzi wenyewe si anasa ya wanaisimu. Vitivo vya tiba na idara za lugha vimo katika mji mmoja; kilichobaki ni kuketi pamoja.