Muratina Bado Inajificha

Kwetu Nyeri, muratina huanzia kwa tunda la mwegea. Unalipasua, unalianika juani, kisha unalichemsha na kulilowesha kwenye maji ya miwa au asali mpaka uchungu uishe. Hamira hukaa humo ndani ya nyuzi zake. Litie kwenye kibuyu chenye asali na maji, kiweke karibu na moto, na baada ya siku moja au mbili wazee wa ruracio wana kinywaji.

Wiski ya Scotland nayo ilipikwa sana kwa magendo, hadi sheria ya 1823 ilipopunguza ushuru. Mwaka 1824, George Smith wa Glenlivet, aliyekuwa akipika bila kibali, akachukua leseni. Leo jina hilo liko kwenye rafu za baa zetu.

Kenya iliruhusu hata chang'aa mwaka 2010, mradi uwe na leseni. Lakini nyanya mwenye kibuyu kimoja ataitoa wapi? Pengo hilo hujazwa na vichupa vya bei poa. Februari 2024, pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 10 Kangai, Kirinyaga.

Mimi nasema: mpeni nyanya leseni anayoimudu.