Usinunue Prosesa, Nunua Soketi

Mwaka wa 2019 nilipoteza shilingi 15,000 kwa sababu ya kuhesabu pini. Nilikuwa na kompyuta ya mezani yenye madabodi ya H110, soketi LGA1151, na i3 ya kizazi cha 6. Nilikuwa nimeanza kuediti video za harusi, na mashine ilikuwa inakwama kila nikiweka klipu mbili pamoja. Jamaa mmoja mjini akaniuzia i5-8400. Nikamuuliza, "Boss, itaingia?" Akanijibu, "LGA1151 na LGA1151, si ni kitu moja?" Na kweli iliingia. Ilikaa pale kama imezaliwa hapo. Nikawasha, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi tii. Pesa hakurudisha. Na sidhani alinidanganya, maze, hata yeye hakuwa anajua.

Wasee hubishana Intel na AMD vile watu hubishana Gor na Ingwe. Nani ana kasi, nani anachemka, nani anapiga fremu nyingi kwa gemu. Mimi huo mjadala niliacha, kwa sababu kasi hubadilika kila mwaka. Kinachokumaliza mfuko ni lile shimo prosesa inakaa ndani, na hilo shimo lina siasa ya zaidi ya miaka 40.

Hawa wawili ni watoto wa nyumba moja. Robert Noyce na Gordon Moore walitoka Fairchild Semiconductor huko California wakaanzisha Intel mwaka wa 1968. Jerry Sanders, aliyekuwa upande wa mauzo hapo hapo Fairchild, akaanzisha AMD na wenzake 1969. IBM ilipochagua chipu ya Intel 8088 kwa PC yake ya 1981, ilitaka pia kampuni ya pili ya kutengeneza chipu hizo hizo, ili kiwanda kimoja kikikwama kazi isisimame. Ndiyo maana 1982 Intel na AMD wakaweka sahihi mkataba. Yaani AMD iliingia kwa hii biashara ikiwa imealikwa.

Ilipofika 386, Intel ikakataa kutoa ramani. Kesi zikaanza 1987, na mambo hayakutulia hadi 1995. AMD ikatoa 386 yake 1991, yenye kasi ya MHz 40 wakati ya Intel ilikuwa 33. Na kwa sababu nambari haziwezi kusajiliwa kama chapa, chipu ya Intel ya 1993 haikuitwa 586. Ikaitwa Pentium.

Hapa ndipo soketi inaingia. Katikati ya miaka ya 90 kulikuwa na kitu kinaitwa Socket 7. Unaweza kuweka Pentium ya Intel, unaweza kuitoa uweke K6 ya AMD, kwa madabodi ile ile. Fikiria hiyo leo! Mteja alikuwa anaamka asubuhi na kubadilisha kampuni bila kununua kitu kingine chochote. Mwaka wa 1997 Intel ikaleta Pentium II ikiwa kwa Slot 1, muundo ulio chini ya hataza zake, na AMD haikuwa na ruhusa ya kuutumia. AMD ikajikokota na Socket 7 iliyoboreshwa, halafu 1999 ikatoa Athlon na mlango wake yenyewe, Slot A. Tangu hapo ukichagua prosesa unachagua pia ukuta unaojifungia ndani.

Sasa mashabiki wa AMD watasema, ona, Intel ndio wabaya. Pole pole. AMD nayo ilipopanda juu ilifanya nini? Athlon ilifika GHz 1 tarehe 6 Machi 2000, siku mbili kabla ya Intel. Mwaka wa 2003 ikaja Athlon 64, na mfumo wake wa biti 64 ulikuwa mzuri hadi Intel yenyewe ikaukubali mwaka uliofuata. AMD ilikuwa inaongoza kwa kila kitu. Na bei je? Athlon 64 X2 4800+ ya 2005 iliuzwa dola 1,001. Soketi ya 939 ilitoka Juni 2004, na kufikia Mei 2006 ikawa imerithiwa na AM2. Miaka miwili tu. Walikuwa na sababu, memori ya DDR2 ilikuwa inaingia na kidhibiti cha memori kilikuwa ndani ya prosesa. Lakini mtu aliyenunua 939 mwisho wa 2005 hakulala vizuri.

Halafu mambo yakageuka. Core 2 ya Intel ilitoka 2006 ikafagia kila mtu. AMD ikajibu na Bulldozer 2011, na ile kitu ilikula stima bila kazi ya maana. Hisa za AMD zikashuka chini ya dola 2 mwaka wa 2015. Intel, bila mtu wa kuisukuma, ikakaa kwa viini 4 kwenye prosesa zake za kawaida hadi i7-7700K ya Januari 2017. Soketi nazo zilikuwa zinabadilika baada ya kila vizazi viwili: LGA1155, LGA1150, LGA1151.

Ryzen ilitoka Machi 2017 na viini 8. Lisa Su, aliyekuwa ameshika usukani wa AMD tangu 2014, alikuwa na kampuni iliyokuwa karibu kuzama, na kampuni ya aina hiyo hukupa ahadi tamu. Ahadi ilikuwa AM4: soketi moja, tutaihudumia hadi 2020. Oktoba 2017 Intel ikajibu na 8700K ya viini 6. Soketi? LGA1151. Pini zile zile 1,151. Lakini haikubali madabodi za zamani, hata Z270 iliyokuwa na miezi 9 tu sokoni. Intel ilisema ni mambo ya umeme, pini kadhaa zimepewa kazi nyingine. Watu wakabadilisha BIOS, wakaziba pini kwa vipande vya tepu, na baadhi ya madabodi hizo zikawaka. Hiyo ndiyo historia iliyokula 15,000 zangu, na mimi hata tepu sikuwa nayo.

Kufika 2020 AMD ilikuwa juu tena, na tabia ikarudi. Ilitangaza kwamba Ryzen 5000 haitafanya kazi kwa madabodi za B450 na X470. Sababu iliyotolewa ilikuwa nafasi ndogo kwenye chipu ya BIOS. Wateja walipiga kelele, na Mei mwaka huo huo AMD ikarudi nyuma. Mwaka wa 2022 hata madabodi za 2017 zikakubaliwa. Kwa hivyo bodi ya B350 iliyonunuliwa na Ryzen ya kwanza kabisa inaweza leo kubeba 5800X3D, chipu ya gemu ya 2022, baada ya kuweka BIOS mpya tu. Lakini usisahau bei: Ryzen 5 3600 ilitoka kwa dola 199, na 5600X iliyoifuata ikatoka kwa 299. Aliye nyuma anakupa vitu. Akikupita, anakutumia invoisi.

Kwa nini hii inatuhusu sisi hapa Nairobi? Kwa sababu wengi wetu tunatumia zile mashine za ex-UK, zilizotolewa ofisini huko Uingereza. OptiPlex 9020, EliteDesk 800 G1, zote kizazi cha 4, soketi LGA1150. Dari yake ni i7-4790, basi. Na huwezi kuhamisha pawa saplai kirahisi, plagi zake si za kawaida. Microsoft ilisimamisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu. Chukua wasee wawili walionunua mwaka wa 2017, mmoja 7700K, mwingine Ryzen 1600. Siku ile, mwenye 7700K ndiye alikuwa anacheka kwa gemu. Leo mwenye Ryzen anabadilisha chipu moja na anaendelea na maisha. Mwenye 7700K anaanza upya na bodi.

Mimi baada ya ile hasara nilijipanga nikapata B450 na Ryzen 5 2600. Sasa nina shilingi 40,000 kando, na mdogo wangu anaingia chuo, kwa hivyo hakuna nyingine inakuja karibuni. AM5 inavutia, na AMD imesema itaihudumia hadi 2027 au zaidi. Lakini inataka DDR5, na tangu mwisho wa 2025 bei ya memori imepanda vibaya kwa sababu viwanda vinahudumia data senta za AI. Intel nayo si ya kudharau kwa kazi yangu. i5-12400 ina grafiki zake ndani, husaidia sana kwa video, na kuna madabodi za LGA1700 zinazokubali DDR4 niliyonayo. Niliwaza hiyo wiki mbili. Shida ni kununua bodi nyingine ya soketi ambayo Intel yenyewe ilishaihama, ilipoleta LGA1851 mwaka wa 2024.

Kwa hivyo nimeamua 5700X kwa bodi ile ile. Sitapata grafiki za ndani, nitabaki na kadi yangu ya zamani. BIOS niliweka jana usiku, kwanza nikihakikisha stima haina dalili ya kupotea, na hapo ndipo nilitoka jasho kuliko mahali pengine pote. Ile 2600 inaenda kwa mdogo wangu. Tayari amepata madabodi ya A320 ya mtumba, na mara hii nimeangalia mwenyewe orodha ya prosesa zinazokubaliwa kabla hajalipa.