Saa 96: kipimo cha sumu kilichoanzia kwa wenye viwanda

Kwenye chupa nyingi za viuatilifu zinazouzwa katika maduka ya pembejeo kuna kipicha kidogo cha samaki, na kando yake onyo kwamba masalia yasimwagwe mtoni wala bwawani. Mkulima hutazama bei na tarehe ya mwisho wa matumizi, akaenda zake. Kipicha hicho hakikubandikwa kwa huruma ya mwenye kiwanda. Kilibandikwa kwa sababu mahali fulani samaki walitiwa kwenye maji yenye kemikali hiyo, wakaachwa humo siku nne, na mtu mwenye daftari akahesabu waliokufa.

Desturi hiyo sasa inapigwa vita. Julai 2023 Tume ya Ulaya, ikijibu ombi lililotiwa saini na raia zaidi ya milioni 1.2, iliahidi kuandaa mpango wa kuachana hatua kwa hatua na majaribio ya wanyama katika kupima usalama wa kemikali. Wanaotetea wanyama wanasema mpango umechelewa, na wenye maabara wanauliza watapima kwa kutumia nini. Kabla samaki hawajaondolewa kwenye matangi, ni vizuri kujua waliingiaje.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Samaki wa aina moja na wa ukubwa unaokaribiana hukaa kwanza maabara wakazoea maji, kisha hunyimwa chakula kwa saa 24. Halafu hugawanywa kwenye matangi. Tangi moja lina maji matupu, na mengine, yasiyopungua matano, yana kemikali kwa viwango vinavyopanda. Mwongozo wa mwaka 1992 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ulitaka samaki wasiopungua 7 kwa kila kiwango, na oksijeni isishuke chini ya asilimia 60 ya ile ambayo maji yanaweza kuibeba, ili samaki asije akafa kwa kukosa pumzi halafu lawama ikapewa kemikali. Waliokufa huhesabiwa saa ya 24, ya 48, ya 72 na ya 96. Samaki hutangazwa amekufa ikiwa matamvua hayachezi na akiguswa karibu na mkia hashtuki. Kama vifo katika maji matupu vimezidi asilimia 10, jaribio zima halina thamani.

Kutokana na hesabu hizo hukadiriwa kiwango kinachoua nusu ya samaki, ambacho wataalamu hukiita LC50. Wengi hukisoma kinyume: namba ikiwa ndogo, sumu ndiyo kali zaidi. Na kwa nini saa 96? Wenye kazi hiyo hutoa jibu lisilo na sayansi nyingi, kwamba ukianza Jumatatu asubuhi, Ijumaa umemaliza.

Wazo la kutafuta nusu ni la Mwingereza J. W. Trevan, aliyelichapisha mwaka 1927 akishughulikia nguvu za dawa. Aliona kwamba mnyama dhaifu kuliko wote na yule sugu kuliko wote hawatabiriki, bali kipimo kinachoua nusu ya kundi hakiyumbi sana.

Samaki walipata utaratibu wao mwaka 1945, mjini Philadelphia, Marekani. W. B. Hart, Peter Doudoroff na John Greenbank walitoa chapisho la kupima sumu ya taka za viwandani na kemikali kwa samaki wa maji baridi. Waliitoa wapi kazi hiyo? Katika maabara ya kudhibiti taka ya Atlantic Refining Company, kampuni ya kusafisha mafuta. Ni sawa na muuza nyama kujichongea mizani. Lakini haki yao tuwape: mizani yenyewe haikuchongwa kwa hila. Walitaka njia ambayo maabara mbili zikiitumia zitapata jibu linalokaribiana, na wakajaribu hata kuweka kanuni ya kukisia, kutokana na vifo vya saa 24 na 48, kiwango ambacho pengine hakitadhuru. Mwaka 1951 Doudoroff na wenzake wakauboresha utaratibu huo ukawa wa kawaida nchini Marekani.

Wenye viwanda waliupenda. Mtu akilalamika kwamba mto umeharibika, meneja angeweza kutoa namba. Siku walipoitumia wengine dhidi ya kiwanda, upendo ulipungua, na kisa hicho kinastahili kusimuliwa kwa kirefu. Ninamfuata zaidi Frank Graham Jr. katika kitabu chake cha mwaka 1970, Since Silent Spring. Graham alikuwa upande wa Rachel Carson, mwandishi aliyeonya juu ya viuatilifu, bila kuficha, nami sioni sababu ya kujifanya niko katikati.

Novemba 1963, katika sehemu ya chini ya mto Mississippi, jimboni Louisiana, samaki walianza kuelea. Kambare walikuja juu ya maji wakitetemeka, wakazunguka bila mwelekeo, wakageuka tumbo juu. Haikuwa mara ya kwanza. Vifo vya namna hiyo vilionekana pia katika majira ya baridi yaliyotangulia. Safari hii makadirio yalifika samaki milioni 5. Jimbo likaomba msaada wa Idara ya Afya ya Umma ya serikali kuu, na kazi ikafika kwenye maabara ya Robert A. Taft mjini Cincinnati, ambako kijana aitwaye Donald Mount alikuwa miongoni mwa wanabiolojia wa samaki.

Waliangalia magonjwa, joto na oksijeni. Hakuna lililotosha kueleza maafa makubwa hivyo. Mashine za kromatografia ya gesi, ambazo wakati huo zilikuwa ngeni, zikaonyesha ndani ya samaki kemikali iitwayo endrini, dawa ya kuulia wadudu wa pamba na miwa.

Hapo ndipo matangi ya siku nne yalipokuwa ushahidi. Mwaka 1959 Henderson, Pickering na Tarzwell walikuwa wamepima viuatilifu kumi vya jamii ya klorini kwa aina nne za samaki, na endrini ikaongoza kwa ukali. Kwa samaki aitwaye kitaalamu Lepomis macrochirus, kiwango kinachoua nusu kilikuwa chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Chukua gramu moja ya endrini, ichanganye na lita milioni moja za maji, umekwisha kupita kiwango hicho.

Lakini mwanasheria wa kiwanda yeyote anajua swali la kuuliza: kuwa na endrini mwilini ni jambo moja, kufa kwa endrini ni jingine. Mount na wenzake wakalijibu kwa kurudi kwenye matangi. Waliwaweka samaki kwenye viwango mbalimbali, wakapima damu ya waliokufa na ya waliopona. Kwa kambare wakaona kwamba mpaka uko kwenye mikrogramu 0.30 za endrini kwa kila gramu ya damu. Walio juu yake ndio waliokufa. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1966. Jaribio la maabara likawa limefika mtoni likarudi na jibu.

Machi 1964 serikali ilipotangaza habari hizo, macho yalielekea Memphis, mamia ya kilomita kuelekea chanzo cha mto, ambako kampuni ya Velsicol ilikuwa ikitengeneza endrini. Wachunguzi waliikuta endrini hiyo hata kwenye mifereji ya majitaka ya jiji. Velsicol ikakana. Ilidai samaki walikufa kwa maradhi ya kuvimba maji mwilini. Wengine wakasukuma lawama kwa wakulima wa miwa, na kweli endrini ilinyunyiziwa mashambani; ila vifo vilitokea msimu wa baridi, wakati ndege za kunyunyizia zilikuwa zimepumzika. Kampuni hiyo haikuwa mgeni wa ugomvi huu. Mwaka 1962 ilikuwa imemwandikia mchapishaji wa Carson barua ya vitisho ili kitabu chake, Silent Spring, kisitoke kilivyo.

Carson aliyasikia ya Mississippi akiwa mgonjwa sana wa saratani. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964.

Mtu angetarajia endrini ipigwe marufuku mwaka huohuo. Wapi! Taka za kiwandani zilidhibitiwa zaidi, vifo vikubwa mtoni vikapungua, na dawa ikaendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwari wa kahawia, ndege aliye kwenye bendera ya Louisiana, alikuwa ametoweka jimboni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na endrini inahesabiwa miongoni mwa sababu. Ilibidi wengine waletwe kutoka Florida kuanzia 1968. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ndio ulioiweka endrini kati ya kemikali 12 za mwanzo za kuondolewa duniani.

Baada ya hapo historia inakwenda mbio. Maabara ya taifa ya Marekani ya ubora wa maji ilifunguliwa Duluth, kando ya ziwa Superior, mwaka 1967. Mwongozo wa OECD namba 203, ndio huo wa jaribio la siku nne, ulipitishwa kwanza 1981. Novemba 1986 ghala la kampuni ya kemikali ya Sandoz karibu na Basel, Uswisi, liliungua, maji ya kuzimia moto yakabeba viuatilifu hadi mto Rhine na kuua mikunga kwa maelfu, na Ulaya ikakaza kanuni zake.

Na sisi? Watu wa kwetu walijua sumu ya samaki zamani kabla ya Trevan. Majani ya utupa yalipondwa na kutiwa kwenye vidimbwi, samaki wakalewa na kuokotwa. Mwaka 1999 ujuzi huo ulikuwa umegeuka balaa: kwa sababu ya wavuvi waliomwaga viuatilifu katika Ziwa Victoria, Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa ziwa hilo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Viwanda vya minofu ya sangara vilitikisika. Kelele ilikuwa juu ya mlaji wa Ulaya na fedha za kigeni. Waliozungumzia dagaa na sato waliobaki ziwani walikuwa wachache.

Uchache huo unaonekana pia kwenye miongozo. Orodha ya samaki wanaopendekezwa na OECD ina trauti, kapu, samaki pundamilia wa Asia na wengineo. Sato hayumo, perege hayumo. Trauti hupimwa kwenye maji ya baridi, ilhali Ziwa Victoria lina nyuzi 24 na zaidi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo huku yakimfanya samaki apumue kwa haraka na kuvuta sumu zaidi. Vyuo vyetu vina watafiti waliopima perege kwa miaka mingi, lakini namba inayosindikiza chupa dukani bado hutoka kwa samaki wa kwingine.

Mwaka 2013 OECD ilikubali jaribio la mayai ya samaki pundamilia, na 2021 ikapitisha jingine lisilohitaji samaki mzima: seli za matamvua huwekwa kwenye visahani pamoja na kemikali, na jibu hupatikana baada ya saa 24. Seli hizo zimekuwa zikikuzwa maabara tangu miaka ya 1990. Zilitolewa kwa trauti.