Ujana wa Kwenye Kopo

Vipodozi vya kuondoa makunyanzi na madoa ya umri huzungumzwa kama suala la tamaa ya mtu binafsi, hasa mwanamke. Historia inaonyesha jambo jingine: biashara huazima heshima ya sayansi, na dola huchelewa kuamka.

Katika miaka ya 1930, nchini Ufaransa, ziliuzwa krimu na poda za Tho-Radia zenye thoriamu na radiamu, kwa ahadi ya urembo. Matangazo yalibeba jina la daktari Alfred Curie, asiye na undugu wowote na Marie Curie, mgunduzi wa radiamu. Jina lilitosha. Wanunuzi hawakuwa wajinga. Waliiamini sayansi ya zama zao, na mfanyabiashara akaifanya imani hiyo kuwa mtaji.

Marekani nayo ilisubiri madhara kwanza. Rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure ilijeruhi macho ya wanawake katika muongo huohuo, lakini serikali kuu haikuwa na mamlaka juu ya vipodozi hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 1938.

Tanzania tulianza na marufuku, ila kwa sababu nyingine. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa, wala si figo za mtumiaji. Aliyeandamwa ni msichana mtaani. Kilichomo ndani ya kopo hakikuhojiwa.

Na ndani ya kopo ndimo lilimo tatizo. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, nayo melanini ndiyo kinga yetu dhidi ya mionzi ya jua, ambayo ni miongoni mwa sababu kuu za ngozi kuzeeka mapema. Anayenunua ujana kwa njia hii huuza ngao yake. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kiwango hicho.

Kinachoitunza ngozi kinajulikana: kivuli, kofia, kuacha tumbaku, usingizi wa kutosha. Hakitangazwi kwa sababu hakimpi mtu faida. Lakini tusimhubirie mama anayeuza ndizi juani kutwa kwamba ajitunze. Kivuli chake ni mti ambao halmashauri iliupanda au iliukata. Usalama wa krimu yake ni kazi ya mkaguzi aliyefika sokoni au asiyefika. Mazoea mema huhitaji mahali pa kuota. Kabla ya kumuuliza kwa nini anajichubua, tuulize ni nani aliyeruhusu kopo lile lifike dukani.