Senti Kumi Yenye Tundu

Kila Januari kuna mtu mitandaoni anatuambia tutafute hobi. Ukiangalia hizo hobi zenyewe, nyingi zinataka doo: kamera, baiskeli ya mbio, rangi za kuagizwa kutoka nje. Halafu ukitaja kukusanya vitu vya zamani unaambiwa hayo ni mambo ya wazungu wazee. Mimi napinga yote mawili. Kuna uraibu ambao vifaa vyake vimelala nyumbani kwenu tayari, ndani ya mkebe wa Kimbo juu ya kabati la shosho, pamoja na vifungo, sindano na funguo za makufuli yaliyopotea kitambo. Naongea kuhusu sarafu.

Kwanza tumalize hiyo stori ya wazungu. Joseph Murumbi alichukua kiti cha makamu wa rais baada ya Jaramogi mwaka 1966, na mwaka huohuo akakiachia. Wengi wetu tungeng'ang'ania kama kupe. Yeye alirudi kwa vitu alivyopenda: stempu za Afrika, vitabu vya zamani, nguo, mapambo, kazi za mikono za mafundi wa bara lote. Sehemu kubwa ya alivyokusanya iko Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Ndiyo, pale Archives, ambapo kila mtu wa hii city amewahi kusimama akingoja msee aliyesema "niko karibu" na bado yuko Kasarani. Tunasimama nje miaka nenda rudi na hatuingii. Jengo lenyewe zamani lilikuwa benki, National Bank of India, kwa hivyo ukiwa hapo unangoja mtu mbele ya mlango ambao pesa za ukoloni zilikuwa zikipitia.

Sasa sarafu. Ushauri wangu kwa anayeanza: usikusanye kila kitu. Chukua sarafu moja tu, senti kumi, uifuate miaka yote. Ile kubwa ya rangi ya shaba, yenye tundu katikati na pembe za ndovu ubavuni. Wazee wetu waliitunga kwenye uzi au kamba ya katani, kwa sababu nguo nyingi za wakati huo hazikuwa na mifuko.

Tundu hilo lina raha yake kwa mkusanyaji. Mahali pengi mfalme wa Uingereza aliweka kichwa chake katikati ya sarafu. Kwenye senti yetu kumi hakukuwa na nafasi, ikabidi wamwandike jina tu pembeni. Na hapo ndipo kuna kioja. Mwaka 1936 Uingereza ilipata mfalme Edward VIII, aliyekaa kitini kuanzia Januari hadi Desemba akaondoka kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Kule kwao hawakuwahi kusambaza pesa zenye uso wake, alitoka kabla hazijawa tayari. Lakini kwa vile senti zetu hazikuhitaji uso, baadhi ya zile za 1936 zilishatengenezwa na kusafirishwa zikiwa na jina EDWARDVS VIII. Kwa hivyo mama mboga wa Kisumu au Nyeri alishika pesa ya mfalme ambaye raia wa London hakuwahi kumpata mfukoni. Ukikuta senti kumi ya 1936 yenye jina lake kwa mkebe, si lazima iwe ya bei kubwa, ila una stori ya kusimulia mwaka mzima.

Panga mfululizo wake uone. Kuna ya George V, ya huyo Edward wa miezi kumi na moja, ya George VI, ya Malkia Elizabeth. Kisha kuna ya 1964, na hii ndiyo naipenda kuliko zote: tundu liko palepale, pembe ziko palepale, lakini jina la mtawala limetoweka. Imebaki EAST AFRICA tu. Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa zimepata uhuru na bado zilikuwa zinatumia pesa moja, kwa hivyo kwa muda mfupi sana hatukuwa na mtu yeyote kwenye sarafu.

Halafu Septemba 1966 tukaanza kutumia shilingi yetu wenyewe, ya Benki Kuu ya Kenya. Senti kumi mpya haina tundu. Lile tundu limezibwa, na juu yake kumewekwa kichwa cha Mzee Jomo Kenyatta. Si mimi nimetunga, ziweke mbili mezani ujionee. Tena angalia vizuri zaidi: zile za mwanzo, za 1966 hadi 1968, zina uso bila maandishi ya kumtaja. Kuanzia 1969 wakazungusha maneno ya Kiingereza ya kumtambulisha kuwa ndiye rais wa kwanza wa Kenya. Mwaka 1969 ndio ule Tom Mboya aliuawa Julai, watu wakapigwa risasi Kisumu Oktoba, na chama cha KPU kikapigwa marufuku. Sisemi aliyechora sarafu alikuwa anafikiria hayo. Nasema tu kwamba mtu anayejulikana na kila mtu kwa kawaida hahitaji kujitambulisha.

Baada yake akaja Moi kwenye sarafu za 1980. Kibaki alipata moja ya kipekee, shilingi 40 ya mwaka 2003, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, kisha mwaka 2005 uso wa Kenyatta ukarudishwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ndiyo iliyokata huo mchezo: pesa za Kenya zisiwe na picha ya mtu yeyote. Utekelezaji ulichukua miaka minane. Desemba 2018 tukapewa twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye mbao. Noti zilipofuata mwaka 2019 zikiwa na jengo la KICC pamoja na sanamu ya Kenyatta mbele yake, watu wakaenda kortini kulalamika, wakashindwa. Kwa hivyo huo mjadala wa nani akae katikati ya pesa zetu bado uko hai, na unaweza kuufuata wote ukiwa umeketi jikoni.

Shilingi nayo ina mambo yake mazito. Ukipata ile ya zamani yenye simba mbele ya milima, soma mwaka. Kuanzia 1921 hadi 1946 robo ya uzito wake ni madini ya fedha halisi. Kuanzia 1948 hakuna hata chembe. Lakini ukipata ya 1921 au 1922, usiwaze bei kwanza. Hadi 1920 huku tulitumia rupia, ile ya India. Kabla ya Vita vya Kwanza rupia 15 zilikuwa pauni moja. Vita vilipoisha fedha ikapanda bei duniani, rupia ikapanda nayo, na serikali ikaamua thamani yake iwe shilingi mbili za Kiingereza. Wakatoa florini mwaka 1920. Mwaka uliofuata wakaiacha, wakaleta shilingi. Walowezi waliokuwa na madeni ya rupia wakalia kwamba madeni yamekuwa mazito, na bei ya mazao yao ilikuwa imeanguka. Walichofanya mwaka 1921 ni kukubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Deni lao, sisi tukalipa. Na kodi ya nyumba ilikuwa palepale, haikupunguzwa theluthi.

Hapo ndipo Harry Thuku anaingia. Shuleni tulimsoma kama jina la kukariri, lakini jamaa alikuwa kijana tu, opereta wa simu kwenye Hazina ya serikali Nairobi, yaani alifanya kazi ndani ya nyumba ya pesa zenyewe. Alianza kuwapanga watu dhidi ya kupunguzwa mishahara, kodi na kipande, akakamatwa Machi 1922. Umati ulikusanyika kudai aachiliwe, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa wanawake waliowasuta wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Polisi walifyatua risasi. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21. Leo unapita Barabara ya Harry Thuku ukienda chuo na hufikirii shilingi. Mimi nikiona shilingi ya 1922 nafikiria kwamba huenda ilikuwa mfukoni mwa mtu siku hiyo, theluthi yake ikiwa imeshachukuliwa.

Hata maneno tunayotumia ni mkusanyo. Pesa ni paisa ya India, na kwenye rupia moja zilikuwa 64. Ina maana kila ukituma M-Pesa unataja sarafu ndogo ya shaba ambayo hujawahi kuiona. Jirani zetu Tanzania wakisema hela, hiyo ni heller ya Mjerumani. Ndururu ilikuwa senti tano, na watu wanaosema hawana hata ndururu siku hizi hawajawahi kuishika. Na kama unadhani pesa kutolewa na kampuni ni mambo ya juzi, tafuta picha ya sarafu ya Mombasa ya 1888. Ilitolewa na Imperial British East Africa Company, kampuni ya biashara iliyopewa ruhusa na malkia kutawala huku.

Haya, kazi ya mikono. Ukishapata sarafu zako usizisugue. Najua mkono unawasha. Weka chini Brasso, weka chini limau, weka chini waya wa sufuria. Sarafu iliyong'arishwa inapoteza ngozi yake ya juu na haitarudi, na mkusanyaji yeyote ataijua kwa mbali. Ishike pembeni kwa vidole vikavu, basi. Albamu za plastiki laini za bei rahisi pia ziache, nyingi zina kemikali inayoachia shaba utando wa kijani unaonata.

Mimi natengeneza vishikio mwenyewe kwa sanduku la viatu. Kata miraba ya sentimita tano, mbili kwa kila sarafu. Toboa duara katikati, ndogo kidogo kuliko sarafu, ili ionekane pande zote mbili bila kudondoka. Iweke katikati ya miraba hiyo miwili na ubane kona kwa stepla, pini zisiiguse. Gundi usitumie karibu na sarafu. Ukitaka urembo, funika kadibodi kwa kipande cha leso iliyochakaa. Vyangu nimevishona uzi pembeni na vinapangwa kama kadi kwenye boksi, mbali na jikoni na mbali na bafu, kwa sababu unyevu ndio adui.

Kabla ya kubana, andika kwa penseli nyuma ya kadibodi: mwaka, mtawala, na hasa ilitoka kwa nani. Hapa sitabembeleza mtu, ni lazima. Nina senti kumi ya 1956, ya Malkia Elizabeth. Sokoni si kitu. Shosho aliponipa aliniambia mamake alimtuma nayo dukani kununua chumvi, wakati wa Hali ya Hatari, wakiishi kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki. Alikuta duka limefungwa mapema kwa sababu ya kafyu, akakimbia kurudi nayo mkononi. Jioni hiyo walikula bila chumvi. Mamake akaifunga kwenye kitambaa na kwa sababu ambayo shosho mwenyewe hajui, haikutumika tena. Nyuma ya kadibodi nimeandika yote hayo kwa herufi ndogo. Bila hiyo karatasi ni shaba ya gramu chache, na siku nyumba itakaposafishwa ingeishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ikipimwa pamoja na mabomba.

Na ndiyo maana naharakisha watu. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1956 anakaribia themanini. Mkebe utabaki, mwenye kuueleza hatabaki.

Kuhusu kununua, mwanzoni usinunue. Utakutana na matangazo ya ati sarafu ya Kenyatta inatafutwa kwa mamilioni, utume kwanza ada ya usajili. Huo ni wizi, pita. Pia ukiuziwa ile riale kubwa ya fedha yenye mama mnene na mwaka 1780, jua kwamba zote zimeandikwa 1780, hata zilizotengenezwa karne ya ishirini. Ilitumika sana pwani na ni nzuri kuwa nayo, ila usilipe bei ya umri ambao haina. Kama nyumbani kwenu hakuna mkebe, anza na elfu moja ya zamani, ile iliyoacha kuwa pesa tarehe 1 Oktoba 2019. Kuna mjomba fulani aliisahau ndani ya Biblia na bado ana uchungu.

Mimi kwa sasa natafuta robo shilingi, senti 25 ya Kenya. Ilianza 1966 na kufikia 1969 wakaacha kuitengeneza kwa matumizi ya kawaida, kwa hivyo wengi hata hawaamini iliwahi kuwepo. Nimeuliza kwa mashangazi wote upande wa baba. Upande wa mama naenda Desemba.