Siku moja Unguja kati ya boti mbili: cha kuona, jinsi ya kulipa, na bakshishi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio kutoka Buhemba. Ni akina mama wa kikoba kimoja, kumi na tano kwa idadi. Wanakwenda Dar es Salaam kwenye sherehe, na wamechanga mwaka mzima ili wakifika huko wavuke bahari, waione Unguja kwa siku moja na kurudi jioni. Waliuliza hivi: "Tutaona nini, tutalipa vipi, na tutafanyaje tusikwame huko?"

Tuliwajibu kwa kifupi hewani. Hapa tunaweka majibu yote kwa maandishi, ili kila mwenye safari ya aina hiyo ayasome taratibu kwenye simu yake.

Nianze na langu mwenyewe. Mara ya kwanza kufika Unguja nilikuwa bado mwanafunzi wa utangazaji. Nilishuka kwenye boti, kijana mmoja akanikaribisha kwa maneno matamu, akanizungusha vichochoroni kwa saa nzima. Sikumuuliza bei. Mwishoni akataja kiasi kilichokuwa karibu sawa na hela yote niliyobakiza mfukoni. Nililipa kwa aibu, nikarudi Dar na njaa. Yule kijana hakuniibia: kazi aliifanya, na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: kubaliana kwanza, lipa baada ya huduma, na bakshishi itoke kwa moyo.

Kabla ya kupanda boti

Tiketi inunuliwe ofisini kwa kampuni yenyewe au kwenye tovuti yake. Kati ya Dar es Salaam na Unguja kuna kampuni kama Azam Marine na Zan Fast Ferries. Pale nje ya bandari ya Dar utakutana na watu wanaokuvuta mkono wakidai wao ndio ofisi. Washukuru, endelea kutembea mpaka dirishani.

Beba kitambulisho chako cha NIDA au kingine kinachotambulika. Kina kazi mbili: kinahitajika safarini, na kinathibitisha kwamba wewe ni raia. Nauli ya mkazi ni ndogo kuliko ya mgeni kutoka nje, na sehemu nyingi za kutembelea zina kiingilio cha raia na kiingilio cha mgeni. Usiposema wewe ni Mtanzania, unaweza kutajiwa bei isiyo yako.

Boti ziendazo kasi huchukua takribani saa mbili. Ya kwanza huondoka asubuhi mapema, na ya mwisho ya kurudi huondoka alasiri. Ratiba hubadilika, kwa hiyo fuata saa iliyoandikwa kwenye tiketi yako. Nunua tiketi ya kwenda na ya kurudi siku hiyohiyo. Ukiwa na ya kurudi mkononi, hata hela ikiisha utafika Dar.

Gawa hela yako mafungu manne

Chukua hela yote ya siku hiyo, ukiondoa nauli ya boti ambayo umeshailipa. Kwa mfano, tuseme una shilingi 60,000. Unaweza kuigawa hivi:

- Viingilio na mwongozaji: 25,000.
- Chakula na maji: 15,000.
- Zawadi na bakshishi: 10,000.
- Fungu lisiloguswa: 10,000. Hili ni la daladala au bodaboda ukirudi Dar, na la dharura.

Hizo si bei za Unguja, ni mfano wa kugawa tu. Fungu la nne liweke mbali na mengine, kwenye mfuko wa ndani au pindo la kanga kama walivyofanya bibi zetu.

Kulipa: taslimu au simu?

Beba vyote viwili. Laini za simu za Bara zinafanya kazi Unguja, na maduka na hoteli za chakula nyingi hupokea malipo kwa lipa namba. Lakini muuza miwa, mchukuzi na mwenye mtumbwi wanapenda taslimu. Toa hela kwa wakala ukiwa bado Dar, na uombe noti ndogo za 1,000, 2,000 na 5,000. Ukitoa noti ya 10,000 kwa kitu cha 2,000, unaweza kuambiwa "chenji hakuna", na bakshishi ikatoka bila wewe kupenda.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti na la duka, uliza kwanza. Mtu akikwambia "tuma kwenye namba hii nyingine, ile ina shida", ghairi, lipa taslimu na udai risiti. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata kama ni mwenzako wa kikobani.

Kuhusu dola: huzihitaji. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa bei kwa dola, sema kwa upole: "Kaka, mimi ni mwenyeji, nitajie kwa shilingi."

Ukishuka bandarini Malindi

Wachukuzi watakimbilia mizigo. Usiachie begi kabla bei haijatajwa. Ukiwa na begi dogo, sema "ahsante, nitabeba mwenyewe" na uendelee.

Nje ya geti utakutana na vijana wanaotaka kukutembeza. Wenyeji huwaita papasi, kwa sababu wanaganda. Wapo wema na wapo wajanja. Mwongozaji halali ana kitambulisho cha kazi, na Kamisheni ya Utalii Zanzibar ndiyo inayosimamia shughuli hizo. Omba kukiona. Kisha uliza maswali manne kabla hamjapiga hatua:

1. Bei ni kiasi gani kwa kundi zima, si kwa mtu mmoja?
2. Ni kwa saa ngapi?
3. Viingilio vimo humo au ni mbali?
4. Tunalipa lini?

Jibu zuri la swali la nne ni "mwisho". Akitaka kianzio, mpe kidogo mbele ya wenzako wote. Mmoja wenu awe mweka hazina wa siku, yeye peke yake ndiye azungumze bei. Watu kumi na tano wakijadili bei kwa wakati mmoja, anayepata faida ni muuzaji.

Siku ambayo meli kubwa ya watalii imetia nanga, mji hujaa na waongozaji wana wateja wengi. Siku hiyo panga bei mapema zaidi, au tembeeni wenyewe. Mji Mkongwe ni mdogo, na ukipotea vichochoroni muulize mzee aliyekaa barazani. Anza na salamu, ndipo uulize njia.

Cha kuona kwa siku moja

Usijaribu kuona kila kitu. Maeneo haya matatu yanatosha, na yote yanafikika kwa miguu.

Forodhani na Ngome Kongwe. Kutoka bandarini ni mwendo mfupi kando ya bahari. Ngome ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020, kwa hiyo liangalie kwa nje. Fahamu pia kwamba vyakula maarufu vya Forodhani huanza kupangwa jioni. Ukirudi na boti ya alasiri hutavikuta, usikae kuvisubiri.

Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mwaka huohuo Waanglikana walianza kujenga kanisa mahali hapohapo, chini ya Askofu Edward Steere. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Kuna kiingilio, basi ulizeni bei ya raia na kama maelezo ya mwongozaji yamo ndani yake. Kama muda unawatosha sehemu moja tu, nawashauri iwe hii. Misafara ya watumwa ilitoka mbali bara, na anayesimama pale anaelewa kwa nini wazee wetu walisimulia habari hizo kwa sauti ya chini.

Darajani. Ni soko kubwa, lilijengwa mwaka 1904. Hapa ndipo pa kununua karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga. Uliza bei kwa wauzaji watatu kabla ya kununua. Chakula cha mchana kiko karibu: pilau, samaki wa kupaka, au bakuli la urojo.

Kwa sisi wa wilaya ya Butiama kuna jambo moja la ziada. Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, kati ya Mwalimu Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume. Ukiwa umeshazuru makumbusho ya Mwalimu pale Butiama, huku unaona upande wa pili wa historia hiyohiyo.

Kisiwa cha Changuu: fikiri kwanza

Wengi huuliza kuhusu kisiwa chenye kobe wakubwa. Kobe hao asili yao ni visiwa vya Shelisheli. Jengo la gereza lililoko pale lilijengwa miaka ya 1890, lakini likaishia kutumika kama karantini ya wagonjwa.

Kwenda na kurudi kwa mashua kunakula nusu ya siku. Ukichagua Changuu, acha sehemu nyingine. Bei ya mashua ni ya makubaliano, na kiingilio cha kisiwani mara nyingi ni mbali, kwa hiyo uliza. Malipo yote yasitolewe mkiwa nchi kavu: nusu wakati wa kwenda, nusu mkirudishwa.

La muhimu kuliko bei ni usalama. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa hili. Tunaukumbuka MV Bukoba, Mei 1996, na MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018. Hesabu maboya ya kuvaa kabla ya kupanda. Yakiwa pungufu ya watu, au bahari imechafuka, shukeni. Kianzio mlichotoa kikipotea, kipotee.

Bakshishi: nani, lini, kiasi gani?

Bakshishi ni shukrani, si deni. Desturi zake hutofautiana duniani. Kwenye meli kubwa za watalii, mara nyingi hujumlishwa kwenye bili ya abiria kwa kila siku. Japan haina desturi hiyo, na mhudumu anaweza kukukimbilia kukurudishia hela akidhani umeisahau mezani. Kwetu iko katikati: hulazimishwi, lakini anayehudumu hufurahi, na wengi wao kipato chao ni cha siku.

Mwongozaji: akifanya kazi vizuri na kutunza muda, changeni. Watu kumi na tano wakitoa 1,000 kila mmoja, ni 15,000. Hakuna aliyeumia, na yeye ameheshimika.

Hotelini: kwenye hoteli ya kawaida ya wenyeji si lazima. Kuacha chenji ndogo ni uungwana.

Mchukuzi na dereva: bei mliyokubaliana inatosha, isipokuwa akifanya zaidi ya mlichokubaliana.

Anayepigwa picha: omba ruhusa kwanza. Akikataa, kubali. Akiomba hela, amua kabla ya kupiga.

Akitokea mtu anadai bakshishi kwa ukali, mweka hazina ajibu kwa utulivu: "Tulikubaliana kiasi hiki, na hiki hapa." Akiendelea, ingieni dukani au mtafuteni askari. Msigombane barabarani.

Adabu ya mji

Wengi wa wenyeji ni Waislamu. Funika mabega na magoti, kanga moja begani inatosha. Msikitini usiingie bila kukaribishwa. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, na ujue hoteli nyingi za chakula huwa zimefungwa mpaka futari. Wakubwa wapokee shikamoo zao kama huku kwetu.

Saa ya kurudi

Mkishuka tu, wekeni kengele kwenye simu mbili tofauti: moja saa mbili kabla ya boti kuondoka, nyingine saa moja kabla. Kengele ya kwanza ikilia, manunuzi yamekwisha. Ya pili ikilia, muwe mmeshafika bandarini. Boti haimsubiri aliyesahau chenji Darajani, na kulala Unguja bila kujipanga kunaweza kumaliza akiba ya miezi.

Tunzeni risiti za vitu vya thamani mlivyonunua, mnaweza kuulizwa.

Akina mama wa Buhemba, mmechanga mwaka mzima kwa siku hii moja. Ulizeni bei bila aibu, lipeni haki ya mtu bila kinyongo, na mrudi na simulizi. Mkifika nyumbani, tutumieni ujumbe. Tutausoma hewani. Safari njema.